Vifaranga wa Kituo cha Kumi na Moja

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba mgeni ameingia ofisini bila kubisha hodi. Alikuwa mstari wa bluu.

Alikuwa mrefu. Kichwa chake kilipanda mezani kwangu, kikapita juu ya daftari la oda, kikatulia karibu na kikombe changu cha chai. Mkia wake, kwa maelezo yake mwenyewe, ulikuwa bado Uyole na ungechelewa kidogo kwa sababu ya malori. Nilimfahamu mara moja. Ni yule mstari ambaye programu yetu ya kupanga njia humchora kwenye ramani kila asubuhi, kutoka kituo cha kwanza mpaka cha mwisho, ili dereva amfuate.

Tofauti ni kwamba alikuwa amelowa. Maji yalimtiririka mpaka sakafuni.

"Wewe ndiye Tupokigwe?" aliuliza.

"Ndiye mimi. Karibu. Naomba usilowanishe daftari."

"Natoka baharini."

"Mbeya hakuna bahari," nilimwambia kwa upole, maana mgeni ni mgeni.

"Najua. Ndiyo maana nimechoka."

Nilimpa kiti. Sehemu yake ndogo tu ndiyo iliyokikalia.

Kwa asiyetufahamu, ofisi yetu iko Ilomba, na kazi yetu ni kuuza vifaranga wa siku moja na kuwafikisha mpaka mlangoni kwa mteja. Mimi nina shahada ya ununuzi na ugavi, na mwezi huu wote nilikuwa kwenye majaribio. Programu ya kupanga njia niliileta mimi. Kabla yake njia zote zilikaa kichwani mwa kaka Lwitiko, dereva wa guta letu la mizigo la matairi matatu, na kaka Lwitiko akipata mafua, biashara nzima ilipata mafua. Mama Ambakisye, mwenye biashara, alikubali tujaribu. "Mwanangu," aliniambia, "ukifunga mwezi kwa asilimia mia, kila mteja kapata vifaranga wake siku yake, nafasi ni yako. Saa mbili asubuhi ya siku inayofuata tunasaini."

Jana jioni nilifunga mwezi kwa asilimia mia.

"Kituo cha kumi na moja," alisema Mstari. "Umekiweka baharini."

"Kituo cha kumi na moja kimefikishwa. Kina alama ya kijani."

"Hiyo alama kaibonyeza nani?"

Kidole changu cha shahada, cha mkono wa kulia, kikanyanyuka chenyewe juu ya meza.

"Mimi," kilisema. Kisha kikaongeza, "Lakini nilitumwa."

Kilisema kweli.

Kituo cha kumi na moja ni Bibi Tusekile wa Itezi, vifaranga ishirini. Alipopiga simu kuagiza nilimwomba anielekeze nyumbani kwake, akasema, "Ukifika palipokuwa na mashine ya mpunga, uliza kwa Bibi Tusekile." Nilitafuta mashine ya mpunga kwenye ramani sikuiona. Nikaacha sehemu ya mahali wazi, nikisema nitaijaza baadaye, kisha nikasahau. Programu haipendi kitu wazi. Ilijijazia yenyewe sifuri na sifuri, latitudo na longitudo, na duniani mahali penye sifuri mbili ni katikati ya bahari, upande wa pili wa Afrika. Kaka Lwitiko aliona kishikwambi kinamwelekeza majini, akacheka mpaka akaegesha guta, akarudi na boksi. Ilikuwa jioni. Siku haikubali kufungwa ikiwa kituo kimoja kiko wazi, na mwezi haukubali kufungwa ikiwa siku iko wazi. Nikajiambia kesho nitalishughulikia. Boksi likawekwa stoo chini ya balbu, nami nikabonyeza kijani.

"Kifaranga anaanguliwa na akiba ya chakula tumboni," alisema Mstari. "Ya siku ngapi?"

"Tatu."

"Wa Bibi Tusekile leo wako siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

Mstari alisimama, au sehemu yake ilisimama. "Basi chukua boksi," alisema. "Kuna mtu anangoja."

Stoo ilikuwa mbali kuliko kawaida. Nilitembea kama nusu saa kati ya meza na mlango. Boksi lilikuwa palepale chini ya balbu. Nilifunua mfuniko, vifaranga ishirini wakanitazama kwa jicho mojamoja kila mmoja, kama wanavyotazama.

"Hamjambo?" niliwauliza.

"Hatupo," walijibu kwa pamoja. "Tumeshafikishwa."

"Nawaona hapa."

"Unaona vibaya. Angalia kwenye mfumo."

"Mna njaa?"

Walijadiliana kwa muda. Aliyekuwa pembeni akajibu kwa niaba ya wenzake. "Waliofikishwa wanakula kule walikofikishwa. Hapa hatuna ruhusa ya kuwa na njaa."

Nikalikumbatia boksi, nikatoka nalo.

Nje, kaka Lwitiko alikuwa kwenye guta amevaa koti lake kubwa la baridi, kofia mpaka machoni.

"Dada Tupo," aliniita. "Leo tunakwenda kwa njia yangu au kwa njia yako?"

"Kwa njia yake," nilisema, nikimwonyesha Mstari.

Lwitiko alimtazama kuanzia mwanzo, hakuona mwisho. "Kumbe ndiye huyu. Mzee, wewe si ulinipeleka mtoni juzi? Shikamoo."

"Marahaba," alijibu Mstari bila aibu yoyote.

Tunaondoka. Mstari yuko mbele, anajilaza barabarani, na guta linapita juu yake bila mtikisiko. Ni asubuhi nzuri, jua limewaka juu ya mlima Loleza. Nageuka nyuma na kuona barabara inajikunja kama mkeka, polepole, ikitufuata.

"Mbona inajikunja?" anauliza Lwitiko.

"Niliweka tiki," namjibu. "'Gari lisirudi nyuma.' Tunaokoa mafuta."

"Nimesahau mfuniko wa tangi sheli."

"Sheli haipo tena, kaka."

Anatafakari. "Basi hata mfuniko hauna kosa," anasema, na kuendelea kuendesha.

Sauti inatoka kwenye kishikwambi: "Baada ya mita mia mbili, pinda kushoto." Kushoto kuna ukuta wa nyumba ya mtu. Mstari haulizi. Anapita ukutani, nasi tunapita ukutani, tunatokea sebuleni ambako familia inakunywa chai na viazi vitamu. Niliweka tiki nyingine mwezi huu: 'Njia fupi kuliko zote.'

"Karibuni chai," anasema mama wa nyumba, akinyanyua miguu ili guta lipite.

"Ahsante mama, tumeshakunywa," anajibu Lwitiko. "Samahani kwa matairi."

"Si neno. Jana lilipita lori la saruji."

Tunatokea uani, tunapita kati ya kamba za nguo, na kwa mara ya kwanza naona vizuri maana ya jambo jingine nililoliandika kwenye programu, kwa sababu linatokea mbele ya macho yangu.

Kituo cha kwanza ni kwa Mzee Kibona, fundi mstaafu wa reli, aliyeagiza vifaranga thelathini. Anatungoja nje na beseni la maji ya glukosi. Kumbe wateja wetu wote hufanya hivi, na kaka Lwitiko ndiye anayewafundisha: unamshika kifaranga mkononi, unachovya mdomo wake kwenye maji, unangoja ameze na kuinua kichwa, ndipo unamwachia. Kifaranga asiyeonyeshwa maji hayajui maji. Anaweza kufa kwa kiu akiwa amesimama ndani yake. Mteja huchovya, Lwitiko humsaidia, na wote wawili huhesabu kwa sauti.

"Moja," anasema Mzee Kibona.

"Moja," anaitikia Lwitiko.

Wanafika wa tisa. Mdomo wa wa tisa haujagusa maji, na nyumba ya Mzee Kibona inaanza kujikunja kuanzia paa. Bati linaingia kwenye ukuta, ukuta unaingia kwenye msingi, beseni linaingia kwenye beseni.

"Kuna nini?" nauliza kwa kelele.

"Dakika nne," anasema Mstari. "Kila kituo dakika nne. Uliandika wewe."

"Niliona kaka Lwitiko anachelewa kwa kila mteja! Sikujua alikuwa anafanya nini!"

"Hukumuuliza."

Mzee Kibona anakunjwa mpaka mabegani, bado kamshika kifaranga kwa adabu. "Karibuni tena siku nyingine," anasema. "Mkija na nafasi." Kisha hayupo. Barabara inatusukuma kwa nyuma.

Lwitiko hakunilaumu. Alipangusa mikono kwenye koti. "Mzee Kibona, mwaisa yule, huwa ananipa chai ya tangawizi," alisema tu.

"Naweza kubadilisha dakika?" nilimuuliza Mstari.

"Mipangilio iko ofisini."

"Na ofisi?"

"Imekunjwa."

Hatukupita mahali popote kati ya pale na bahari. Tulikuwa Nzovwe, kwa Mzee Kibona, kisha tulikuwa majini. Maji yalikuwa tambarare, ya rangi ya kijivu, wala hayakumeza guta. Loleza haikuwepo. Hakukuwa na upande wa kushoto wala wa kulia.

Boya kubwa la njano lilikuwa likielea peke yake. Lilivaa miwani.

"Karibuni Sifuri," lilisema. "Mimi ni balozi wa nyumba sifuri. Mnamtafuta nani?"

"Bibi Tusekile wa Itezi."

"Wa Itezi hapa wako wengi. Piteni katikati, msikanyage watu."

Ndipo nilipowaona. Walikuwa wameketi juu ya maji kwenye vigoda na ndoo zilizopinduliwa, mamia yao, mpaka macho yanapoishia. Mikono waliiweka magotini. Walikuwa na ile subira ya watu walioambiwa "yuko njiani". Bibi harusi aliyevaa shela alikuwa akingojea keki. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kuhamisha kabati lililokuwa sebuleni kwake ili friji lipate pa kukaa. Mwanafunzi wa udaktari alingoja kitabu.

"Samahani, dada," aliniambia yule bibi harusi. "Wewe ndiye wa keki?"

"Hapana, mimi ni wa vifaranga."

"Sawa. Ukimwona wa keki mwambie nipo."

"Alikwambiaje?"

"Alisema hapaoni kwangu. Nilimwambia ni nyuma ya palipokuwa na posta."

Nikaanza kuelewa, na nilivyoelewa nilitamani kujifunika uso. Watu hawa wote walikuwa wametuelekeza vizuri. Kila mmoja alitaja mahali ambapo jirani yake yeyote angefika macho yakiwa yamefumbwa. Sisi ndio tuliokuwa hatujui mji ulivyokuwa.

Bibi Tusekile alikuwa mbele kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye kitenge cha kijani na sweta la wanaume. Alikuwa ameandaa kila kitu juu ya maji: uzio wa kadibodi wa mviringo, maranda makavu ndani yake, sahani ya pumba, na jiko la mkaa lililowaka vizuri katikati. Alikuwa amechuchumaa akilipepea kwa mfuniko wa sufuria.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ugonile, mjukuu wangu." Alinisalimu kwa Kinyakyusa bila kugeuka. "Nilikwambia ukifika palipokuwa na mashine ya mpunga, uulize."

"Bibi, mashine haipo."

"Ndiyo maana nikasema palipokuwa."

Lwitiko alikohoa. Nilijua ni kicheko.

"Umeniletea?" aliuliza Bibi Tusekile, na sasa aligeuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyejizuia asitumaini sana. "Tangu mzee wangu aondoke, nyumba ni kimya mno. Nikiangusha kijiko nashtuka mwenyewe. Mwaka jana nilifuga ishirini, wakanipigia kelele vizuri. Nilikuwa nawagombeza kutwa. Nikajiona mtu tena."

Nilimpa boksi. Akalifunua. Vifaranga walimtazama.

"Hatuwezi kushuka," walisema. "Sisi tumeshafikishwa. Hakuna anayefikishwa mara mbili."

"Hawa wanasemaje?" aliuliza Bibi Tusekile.

Nilijaribu kumtoa mmoja. Mkono wangu ulimpita kama moshi. Nilishika kishikwambi, nikagusa kituo cha kumi na moja. Maandishi yakatokea: KITUO KIMEFUNGWA. Nikagusa tena. KITUO KIMEFUNGWA. MTEJA AMERIDHIKA.

"Nimeridhika lini?" aliuliza Bibi Tusekile. Alikuwa anasoma begani kwangu.

"Jana saa kumi na mbili na dakika saba, bibi."

"Nilikuwa nimekaa mlangoni saa hiyo."

Moto kwenye jiko ulikuwa umeanza kupata majivu pembeni. Vifaranga walisogeleana kwenye kona ya boksi, wakakaa kimya, na kifaranga anayekaa kimya ni kifaranga aliyeishiwa nguvu kwa baridi. Nilimgeukia Mstari.

"Kinafunguliwaje?"

"Aliyekifunga anasema mbele ya wateja kwamba hakufikisha."

"Basi?"

"Basi. Lakini mia yako inakufa."

Mia ikatokea. Ilikuwa imesimama kwenye maji karibu na boya, tarakimu tatu, safi, zimepakwa dhahabu. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoifikiria. Iliniambia kwa sauti ya chini, "Tupokigwe, miaka mitatu ya chuo. Mama yako amekwisha kuwaambia watu kanisani."

"Najua," niliijibu.

"Ni vifaranga ishirini tu. Kuku wote wa Mbeya hawamalizi kuhesabiwa."

Nilipanda juu ya guta. Kaka Lwitiko akaushika usukani kwa nguvu ili guta lisiyumbe.

"Ndugu zangu," nilisema. Watu wa Sifuri wote walinyanyua nyuso. "Mimi naitwa Tupokigwe. Vifaranga wa Bibi Tusekile sikuwafikisha. Sikufika hata Itezi. Nilibonyeza tu."

Mia ilianguka majini kwa sauti ndogo, kama kijiko.

Kisha Mstari akatetemeka, kuanzia kichwani kuja huku, mpaka kule ambako mkia wake ulikuwa. "Sasa nielekezeni," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nielekezeni kama mnavyoelekezana."

Bibi Tusekile ndiye aliyeanza. "Palipokuwa na mashine ya mpunga!"

Bahari inafunguka. Mashine ya mpunga inapanda, nzima, na bati lake lenye kutu, na mlima wa pumba, na mkanda wake unaozunguka kwa kelele ileile iliyowaamsha watu wa Itezi kwa miaka. Maji yanaporomoka pembeni mwake.

"Palipokuwa na posta!" anaita bibi harusi, na posta inapanda na masanduku yake ya barua.

"Palipokuwa na kibanda cha fundi saa!"

"Palipokuwa na choo cha shule!"

"Kituo cha mabasi cha zamani, siyo hiki, kile cha zamani!"

Vinapanda. Vinapanda kimoja baada ya kingine, vyote vilivyobomolewa, vilivyoungua, vilivyohama na vilivyosahauliwa na kila mtu isipokuwa wale wanaokaa karibu navyo. Kila kinachopanda kinajua jirani yake na kumsogelea. Maji yanakimbia katikati yao na kuwa mitaa. Mstari anakwenda mbio, anapinda kwa furaha, anaingia kila uchochoro, anagusa kila mlango, hatafuti tena ufupi. Amejifunga fundo mara mbili wala hajali.

Na kutoka palipokuwa na kanisa la mabati linatoka kundi la matarumbeta, wanaume kumi na wawili na mama mmoja mwenye ngoma kubwa. Wanatutangulia. Watu wa Sifuri wananyanyua vigoda vyao, wanajipanga nyuma ya guta, na tunapanda kutoka baharini kwenda Mbeya kwa miguu, kilomita zote hizo, kwa dakika kama tano. Bibi harusi anacheza. Boya linapiga vigelegele, miwani imelishuka puani. Mzee Kibona anakunjuka njiani pamoja na beseni lake, bado kamshika wa tisa, anamchovya na kusema "tisa", na umati wote unaitikia: "Tisa!"

Loleza inatokea mbele yetu. Sijawahi kufurahi kuuona mlima namna ile.

"Dada Tupo!" anapaza sauti Lwitiko juu ya matarumbeta. "Hii njia ni ya nani?"

"Sijui, kaka! Endesha!"

Tulifika nyumbani kwa Bibi Tusekile. Umati ulisimama nje. Nililiweka boksi chini karibu na jiko, nikaingiza mkono, na safari hii nilimgusa kifaranga. Alikuwa na uzito wake mdogo, na moyo wake ulidunda kwenye kidole kilichobonyeza kijani. Nilimpelekea maji. Alitazama tu.

"Kunywa," nilimwambia.

"Hatuwezi," alisema kwa huruma. "Hii ni ndoto."

Nilimtazama Bibi Tusekile. Hakushangaa. Alikuwa anakusanya makaa kwa koleo, moja juu ya jingine, ili yadumu.

"Ndivyo ilivyo," alisema. "Kwenye ndoto kila kitu kinafika isipokuwa mzigo. Sasa sikiliza. Mkaa nimeujaza alfajiri, na sina mwingine mpaka Jumamosi. Ukija jiko limepoa, hata ukiniletea vifaranga mia itakuwa umeniletea maiti. Utakuja?"

"Nitakuja, bibi. Mimi mwenyewe. Kabla jiko halijapoa."

"Watu wa ofisi huahidi."

"Najua."

Kisha akapaka dole gumba masizi ya jiko, akakivuta kishikwambi mkononi mwangu, na kukibonyeza kwa nguvu kwenye kona, pale mteja anapotia sahihi.

"Hiyo si ya kupokea," alisema. "Hiyo ni ya kungoja."

Matarumbeta yalinyamaza yote kwa pamoja, nami nikaamka.

Ilikuwa alfajiri. Nilikuwa kitandani kwangu, blanketi mbili, baridi ya Mbeya imekaa dirishani. Nilicheka peke yangu kwa sababu ya lile boya. Halafu nikanyoosha mkono kwenye kiti nilikoweka kishikwambi, nikakiwasha nione saa.

Kwenye kona ya kioo, pale pa sahihi, kulikuwa na alama ya dole gumba. Nyeusi, ya masizi, mistari yake yote imeonekana. Nilitazama vidole vyangu kumi kwa mwanga wa kioo. Vilikuwa safi. Mimi napikia gesi.

Sikuifuta. Niligusa kituo cha kumi na moja. Ukifungua kituo hiki alama ya mwezi itashuka, iliandika programu. Endelea? Niligusa Endelea. Mia ikawa tisini na tisa, haikutoa hata sauti. Nilimwandikia Mama Ambakisye: "Mama, mwezi sikuufunga kwa mia. Vifaranga wa Bibi Tusekile hawakufika, nilibonyeza tu. Wako stoo. Nawapeleka sasa, huenda saa mbili nisiwepo." Kisha nikampigia kaka Lwitiko.

"Kaka, samahani kwa asubuhi hii. Itezi, palipokuwa na mashine ya mpunga, unapafahamu?"

"Dada, hapo nani hapafahamu? Si palipo na saluni sasa."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Ulisema nifuate mstari." Nilisikia anatafuta viatu. "Nakuja."

Stoo, vifaranga walikuwa kimya mno. Nililibeba boksi kifuani ndani ya koti, na kaka Lwitiko akaendesha polepole kwenye mashimo na haraka kwenye lami. Hatukufuata kishikwambi. Palipokuwa na mashine ya mpunga aliniuliza, "Tuulize?" nikasema tuulize, ingawa aliijua nyumba. Mtu wa kwanza tuliyemuuliza alitusindikiza mpaka mlangoni.

Bibi Tusekile alifungua kabla hatujabisha. Alikuwa mfupi, kavaa sweta la wanaume. Nyuma yake, ndani ya uzio wa kadibodi, jiko lilikuwa na makaa mekundu matatu au manne chini ya majivu.

"Shikamoo, bibi. Nimechelewa."

"Marahaba." Alinitazama, akalitazama boksi. "Mikono umenawa?"

Tulichuchumaa wote watatu. Mimi nilimshika kifaranga, bibi akachovya mdomo wake, Lwitiko akapokea na kumweka penye joto. Moja. Mbili. Hatukuwa na haraka. Kila mmoja aliyemeza na kuinua kichwa alianza kulia, na nyumba ikaanza kupata sauti, kidogokidogo, kutoka kwenye kona ile ya jiko.

Wa kumi na saba alikuwa amelegea. Kichwa chake kililala kwenye kiganja changu. Bibi Tusekile alimchovya, hakumeza. Akamchovya tena.

Simu yangu ililia mfukoni. Lwitiko alichungulia. "Mama Ambakisye," alisema. "Saa mbili kamili."

"Pokea, mjukuu," alisema Bibi Tusekile.

"Mikono yangu ina kazi, bibi."

Simu ililia mpaka ikakatika. Ikaanza tena. Kwenye kiganja changu koo dogo likasogea, likasogea tena, kichwa kikainuka juu na tone moja likiwa bado kwenye mdomo.

"Kumi na saba," tulisema wote watatu.